Mlinzi wa Ukingoni: Habari za Mjukuu wa Jaji Kiwanuka

Siku AS Maniema Union inapocheza hapa Kindu, mji wote huwa na neno moja tu mdomoni. Jioni, watu wakirudi makwao, twasikia njiani majina ya wafungaji wa mabao. Hata watoto wasiojua bado kusoma wanayataja. Lakini ni nani amtajaye beki aliyeuzuia mpira dakika ya mwisho, lango likiwa wazi? Huyo hatajwi, isipokuwa siku anapokosea. Siku hiyo kila mtu analijua jina lake.

Ndiyo desturi ya dunia kwa walinzi wote. Zamu wa usiku hasifiwi kwa sababu hakuna kilichoibwa. Mama hasifiwi kwa sababu mtoto hakuanguka motoni. Kazi ya kulinda, ikitimizwa vema, haionekani. Ikikosewa mara moja tu, huonekana na wote. Kwa hiyo, ndugu wasomaji, tumependa kuwasimulia habari za mlinzi mmoja, kijana wa damu ya Uganda, nchi jirani yetu ya mashariki. Alicheza miaka tisa mchezo ambao wengi wetu hatujapata kuuona kwa macho. Jina lake ni Mathias Kiwanuka. Wazee wetu, wakilisikia jina hilo, watamkumbuka labda Askofu Joseph Kiwanuka wa Masaka, aliyepewa daraja ya uaskofu huko Roma mwaka 1939. Tunayemsimulia hapa ni mwingine.

MCHEZO WENYEWE

Wamarekani huuita mchezo wao mpira wa miguu, ijapokuwa mpira huo hubebwa na kurushwa kwa mikono kuliko kupigwa teke. Si mviringo kama wetu, bali umechongoka ncha zote mbili. Kila upande una watu 11, nao huvaa kofia ngumu na makinga ya mabega, maana wanagongana kwa nguvu nyingi. Uwanja una urefu wa yadi 100, ndiyo kama mita 91, bila kuhesabu sehemu za mwisho ambamo mabao hupatikana.

Upande wenye mpira hupewa majaribio manne ili usogee mbele yadi 10, yaani mita 9 na kidogo. Ukifaulu, hupewa mengine manne. Ukishindwa, mpira huenda kwa wapinzani. Akili ya upande huo ni mtu mmoja, yaani mrushaji. Yeye hupokea mpira, hutazama mbele upesi, na kuamua kama atamrushia mwenzake aliye mbali, au atampa mwingine akimbie nao. Mbele yake husimama wanaume watano wakubwa kupita kiasi ili kumkinga.

Sasa mwangalieni mlinzi wa ukingoni. Yeye husimama mwisho wa safu ya ulinzi, upande wa kulia au wa kushoto. Ana kazi mbili. Ya kwanza, asimwache mkimbiaji apite kwa nje. Ya pili, awapite wale wakubwa na kumfikia mrushaji, amwangushe chini kabla mpira haujatoka mkononi. Muda alio nao ni sekunde mbili au tatu tu. Kila akimwangusha huandikiwa moja katika hesabu. Wakimwangusha wawili pamoja, kila mmoja huandikiwa nusu. Ndiyo sababu msomaji atakuta nusu katika hesabu zetu hapa chini.

Mathias alifaa kwa kazi hiyo. Ana urefu wa mita 1.96, na siku za mchezo alikuwa na uzito wa kilo 120 hivi.

BABU ALIYEILINDA SHERIA

Lakini kabla ya kumfuata mjukuu, yatupasa tumjue babu.

Benedicto Kiwanuka alizaliwa mwaka 1922 katika nchi ya Buganda. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa askari katika jeshi la Waingereza. Vita vilipokwisha alirudi kwenye vitabu: kwanza chuo cha Kikatoliki cha Roma katika nchi ya Basutoland, ambayo leo huitwa Lesotho, kisha London, ambako alisomea sheria. Mwaka 1956 akawa wakili. Mwaka 1958 alichaguliwa kuwa mkuu wa chama cha Democratic Party, ambacho Wakatoliki wengi wa Uganda walikiunga mkono. Mwaka 1961 chama hicho kilishinda uchaguzi, na tarehe 1 Machi 1962 Benedicto Kiwanuka akawa Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda. Hakukaa muda mrefu. Uchaguzi wa mwezi wa Aprili mwaka ule ule ulimpa Milton Obote madaraka, na Kiwanuka akayaacha bila kumwaga damu.

Mwaka 1969 serikali ya Obote ilimtia kizuizini. Mwaka 1971 Idi Amin alitwaa nchi kwa silaha, akamfungua, na mwaka huo huo akamfanya Jaji Mkuu. Alikuwa Mganda wa kwanza kukikalia kiti hicho. Watu walidhani labda Amin ataiheshimu sheria. La hasha! Mwezi wa Septemba 1972 Mahakama Kuu iliamua kwamba askari walimkamata isivyo halali mfanyabiashara mmoja Mwingereza, ikaamuru aachiliwe. Tarehe 21 ya mwezi huo huo, watu wa Amin waliingia katika jengo la Mahakama Kuu mjini Kampala, mchana kweupe, wakamkamata Jaji Mkuu kazini mwake na kumchukua. Hakurudi tena. Jamaa zake hawakupewa hata maiti ya kuzika.

Sisi wa Kindu hatuhitaji kufundishwa jambo hilo lina maana gani. Mji wetu haujasahau Novemba 1961, siku ambayo askari wasiomtii mtu waliwaua Waitalia 13, wanahewa waliokuja kwa kazi ya Umoja wa Mataifa. Mwenye bunduki asipokuwa na sheria juu yake, hakuna aliye salama, awe mgeni au mwenyeji. Benedicto Kiwanuka aliwekwa mahali pa kuilinda sheria, naye hakupaacha.

MTOTO WA INDIANAPOLIS

Wazazi wa Mathias ni Waganda waliohamia Marekani. Yeye alizaliwa tarehe 8 Machi 1983 katika mji wa Indianapolis, jimbo la Indiana, zaidi ya miaka kumi baada ya babu yake kuuawa. Basi hakupata kumwona, wala hakuwa na kaburi la kupelekwa kulitazama. Alichorithi ni jina. Kiwanuka ni jina la kale. Katika masimulizi ya Waganda ni jina la mungu wa radi. Nalo jina la Mathias ni la mmoja wa Mashahidi wa Uganda, Mathias Kalemba Mulumba, aliyeuawa mwaka 1886 na kutangazwa mtakatifu na Papa Paulo wa Sita mwaka 1964.

Kijana alisoma katika shule ya Kikatoliki ya Cathedral mjini Indianapolis, kisha akaenda Boston College, chuo kikuu cha Wajesuiti. Huko Marekani vyuo vikuu ndivyo vinavyokuza wachezaji, na viwanja vyao hujaa maelfu ya watu. Mathias aliwaangusha warushaji mara 37 na nusu katika miaka yake ya chuo, na hesabu hiyo ilikuwa kubwa kupita ya mchezaji yeyote wa Boston College aliyemtangulia. Mwaka 2004 alitajwa kuwa mlinzi bora wa mwaka katika ligi ya vyuo aliyokuwamo. Vilabu vya mishahara vilikuwa vimekwisha kumwona, lakini yeye alirudi chuoni mwaka mmoja zaidi.

Vilabu hivyo viko 32. Kila mwaka, kabla ya kiangazi, huketi na kuchagua kwa zamu vijana waliotoka vyuoni. Kilichoshindwa zaidi huchagua kwanza. Hata mtoto wa Kongo yetu amepata kuitwa mapema katika uchaguzi huo: mwaka 1996 Tim Biakabutuka, mzaliwa wa Kinshasa, alichaguliwa wa nane. Mathias aliitwa mwezi wa Aprili 2006, naye alikuwa wa 32, wa mwisho katika duru ya kwanza. Waliomchukua ni New York Giants.

SIKU YA KUKOSEA

Tarehe 26 Novemba 2006, akiwa katika mwaka wake wa kwanza wa kazi, Giants walicheza mjini Nashville na timu ya Tennessee Titans. Robo ya mwisho ilipoanza Giants walikuwa na alama 21, na wenyeji hawana hata moja. Kisha mambo yakageuka. Wenyeji wakapata 7, halafu 14. Muda ukawa umebaki kidogo, nao wakafika jaribio la nne. Wakishindwa hapo, mchezo umekwisha.

Mathias aliwapita wakingaji, akamshika mrushaji Vince Young kwa mikono yake miwili. Kazi ilikuwa imekwisha! Lakini akidhani kwamba mpira umekwisha kurushwa, naye akiogopa kuadhibiwa kwa kumwangusha mtu asiye na mpira, alimwachilia. Kumbe mpira ulikuwa bado mkononi. Young akakimbia mbele yadi 19. Wenyeji wakasawazisha, na mwishoni wakashinda kwa 24 dhidi ya 21.

Taifa zima liliona mikono ya mlinzi ikimwachia mtu aliyekwisha kukamatwa. Jioni ile waandishi walimzunguka, naye akawajibu: alidhani mpira umekwenda. Hakumtupia mwingine lawama.

Wahenga walisema, kuteleza si kuanguka. Walakini mwenye kuteleza mbele ya watu apaswa kusimama tena mbele ya watu wale wale. Wiki iliyofuata Mathias alirudi mahali pake.

KUHAMISHWA NA KUVUNJIKA

Mwaka 2007 walimu wa Giants walikuwa na walinzi wa ukingoni wengi walio hodari: Michael Strahan, mkongwe wa timu, Osi Umenyiora, ambaye wazazi wake ni wa Nigeria, na Justin Tuck. Basi wakamwambia Mathias arudi nyuma, acheze katika mstari wa pili wa ulinzi. Anayejua mchezo huo atawaambia kwamba si jambo dogo. Mlinzi wa ukingoni huanza ameinama, mkono ukigusa ardhi, na kazi yake ni kusonga mbele. Mlinzi wa mstari wa pili husimama wima, hutazama, hungoja, na mara nyingine hukimbia kurudi nyuma ili kumfuata apokeaye mpira. Ni kama kumwambia mpiga kasia wa Lualaba, aliyezoea kuketi mbele ya mtumbwi, kwamba kuanzia leo atashika usukani nyuma. Mtumbwi ni ule ule, mto ni ule ule, lakini mikono lazima ijifunze upya.

Alijifunza. Kisha tarehe 18 Novemba 2007, wakicheza Detroit, mfupa mdogo wa muundi wake ulivunjika, na mwaka ukamwishia pale pale. Wenzake waliendelea bila yeye. Tarehe 3 Februari 2008 walifika Super Bowl, yaani fainali kuu, wakakutana na New England Patriots waliokuwa wameshinda michezo yote 18 ya mwaka ule. Giants walimwangusha mrushaji wao mashuhuri, Tom Brady, mara tano, wakashinda kwa 17 dhidi ya 14. Ulikuwa ushindi wa walinzi hasa, nao ukapatikana siku ambayo Mathias hakuweza kuvaa mavazi ya mchezo. Kufurahi na wenzako katika ushindi ambao hukuweza kutia mkono wako siku ile ni mtihani; wanaume wengi wenye nguvu hushindwa nao.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mwaka 2008 Strahan alistaafu, na Umenyiora akaumia goti kabla ligi haijaanza. Walimu wakamwita Mathias arudi ukingoni. Mwaka ule aliwaangusha warushaji mara 8, hesabu kubwa kuliko zote za maisha yake ya kazi.

SHINGO

Jeraha lililotisha kuliko lile la mguu lilikuja mwaka 2010. Katika michezo mitatu ya kwanza alikuwa amekwisha kuangusha mara 4, na kila mtu aliona kwamba huu utakuwa mwaka wake. Ndipo madaktari wakagundua kwamba gegedu mojawapo kati ya pingili za shingo yake limetoka mahali pake. Jeraha la namna hiyo si la kuchezea. Mtu ambaye kazi yake ni kugongana, akigongwa vibaya hapo, aweza kupooza. Hakucheza tena mwaka ule, na wengi walidhani kwamba hatacheza kamwe.

Hapa twapenda wazazi na wanafunzi wasome polepole. Mara nyingi vijana hutazama fedha na kelele za uwanja, wasione malipo yanayotoka mwilini. Mchezo huu huvunja mifupa, huumiza ubongo na viungo, na wengi wanaouingia hutoka baada ya miaka michache tu. Mathias alikaa miezi mingi asijue kama mwili wake utamruhusu kurudi kazini. Hakuamua peke yake kwa tamaa. Alingoja mpaka madaktari walipomruhusu. Ujasiri na upumbavu hufanana ukivitazama kwa mbali. Tofauti yao ni kwamba ujasiri hukubali kungoja na kusikiliza.

NYUMBANI

Mwaka 2011 Giants walimrudisha, na mara nyingine wakamweka katika mstari wa pili. Alikubali. Mwaka ule timu haikung'aa: ilishinda michezo 9 na kushindwa 7, ikaponea chupuchupu kuingia katika michezo ya mwisho. Lakini ilipoingia haikushindwa tena, hata ikafika Super Bowl kwa mara ya pili mbele ya Patriots wale wale na Brady yule yule.

Na fainali hiyo ilichezwa wapi? Mji ulikuwa umechaguliwa miaka kadhaa nyuma, bila mtu kujua ni timu gani zitakazofika: ulikuwa Indianapolis. Tarehe 5 Februari 2012 Mathias Kiwanuka aliingia uwanjani katika mji alimozaliwa, alimosoma, alimocheza kwa mara ya kwanza akiwa mtoto wa shule. Safari hii hakuwa mtazamaji. Zilipobaki sekunde za mwisho Brady alirusha mpira mrefu kwa matumaini ya mwisho. Ukagombaniwa hewani, ukaanguka chini. Giants 21, Patriots 17. Mcheza kwao hutunzwa, nao watu wa kwao walimwona akitunzwa.

MWISHO WA KAZI

Aliendelea miaka mitatu mingine. Mwaka 2013, akiwa amerudishwa ukingoni, aliangusha mara 6. Mwaka 2014 goti lilimsumbua, na mwezi wa Desemba akawekwa nje. Mwezi wa Machi 2015, akikaribia umri wa miaka 32, Giants walimwachilia. Hakuchezea klabu nyingine. Ukijumlisha hesabu zake zote tangu 2006 utapata mara 38 na nusu. Kuna walinzi wenye hesabu kubwa kuliko hiyo mara tatu na zaidi. Strahan, mwenzake wa zamani, ni mmojawapo. Mathias hakuwa mkubwa kuliko wote.

Lakini hesabu haisemi yote. Haisemi ni mara ngapi aliondolewa mahali alipopapenda na kupelekwa penye haja, wala kwamba miaka mitatu kati ya tisa aliimaliza katika majeraha. Haisemi kwamba kosa la Nashville lilikumbushwa kila Vince Young alipotajwa, naye akaendelea na kazi. Timu iliyomchagua wa mwisho katika duru ya kwanza ndiyo iliyokaa naye mpaka mwisho.

Ninyi wanafunzi, wengi wenu hamtacheza mpira wa Kimarekani, wala hilo si la kusikitikia. Lakini kila mmoja wenu atawekwa mahali fulani: darasani, hospitalini, sokoni, garini au bandarini. Mara nyingine patakuwa mahali msipopachagua. Mtakosea mbele ya watu. Mtaumia na kuona kazi ikiendelea bila ninyi. Siku hizo ndizo zitakazowaonyesha kama mlipenda kazi au mlipenda sifa zake tu.

Nasi twafikiri pia juu ya yule mzee wa Kampala. Waliomkamata mwaka 1972 walitaka jina lake lisisikike tena; kwa hiyo hawakuacha hata kaburi. Leo majaji wa Uganda humkumbuka kila mwaka, mwezi wa Septemba. Na kwa miaka tisa, katika viwanja vilivyojaa watu wasioijua njia ya Kampala, jina hilo hilo liliandikwa mgongoni mwa mjukuu wake, kwa herufi kubwa, apate kulisoma kila mtu: KIWANUKA.